Tathmini ya huduma ya fiziotherapia ya sakafu ya nyonga kwa mwenye maumivu ya nyonga na kiuno

Kwa takriban miaka miwili nyonga yangu ya kushoto iliniuma kiasi cha kunilazimu niswali nikiwa kwenye kiti. Maumivu yalianza miezi michache baada ya kujifungua mtoto wa pili, yakakita ndani kabisa ya tako, na yalishuka hadi pajani kila nilipokaa muda mrefu kwenye daladala au nilipoinua ndoo ya maji. Eksirei haikuonyesha kasoro yoyote kwenye mfupa. Katika kituo cha kwanza nilichokwenda nilipewa dawa za kutuliza maumivu, joto la mashine na karatasi ya mazoezi ya mgongo, na katika vikao vyote sita hakuna aliyeniuliza lolote kuhusu uzazi wala haja ndogo.

Aliyeniuliza ni daktari wa mifupa. Nilipomjibu kwamba nikikohoa mkojo hunitoka kidogo, alinielekeza kwa mtaalamu wa fiziotherapia ya sakafu ya nyonga, katika kliniki ndogo hapa Dar es Salaam. Nimemaliza vikao vinane, na hiyo ndiyo huduma ninayoitathmini.

Sakafu ya nyonga ni misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa kinena hadi kwenye kifandugu, mithili ya kamba za kitanda cha teremka-tukaze, nayo hubeba kibofu, mfuko wa uzazi na sehemu ya mwisho ya utumbo. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba misuli hiyo haifanyi kazi peke yake. Hushirikiana na kiwambo cha kupumulia, misuli ya ndani ya tumbo na misuli midogo ya uti wa mgongo katika kuimarisha kiuno kila tunapoinua mzigo, na sehemu yake imejishika kwenye utando wa msuli uliopo upande wa ndani wa fupanyonga, ambao hutoka nje na kushika mfupa wa paja ili kulizungusha. Kwa hiyo sakafu ikikaza au ikilegea, nyonga huhisi, na nyonga ikiumia, sakafu nayo hujikaza kujihami.

Kikao cha kwanza kilichukua zaidi ya saa nzima. Mtaalamu, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alinitazama nikitembea, nikichuchumaa na nikisimama kwa mguu mmoja, kisha akanieleza kwa utaratibu kwamba uchunguzi wa ndani ni hiari yangu, kwamba ningeweza kuukataa au kuusimamisha wakati wowote, na kwamba tiba ingeendelea hata bila huo. Nilikubali. Alipobonyeza kwa kidole kimoja upande wa kushoto, maumivu yale yale ya miaka miwili yaliamka, kuanzia takoni hadi pajani, nami nikajikuta nikilia, si kwa uchungu, bali kwa sababu hatimaye mtu alikuwa amepagusa.

Misuli yangu haikuwa imelegea. Ilikuwa imekaza mno. Hapa ndipo ninapoona thamani kubwa ya huduma hii, kwa kuwa kila mtu alikuwa amenishauri nikaze. Mazoezi ya kubana, yaliyopata umaarufu kutokana na Arnold Kegel, daktari Mmarekani aliyeandika kuyahusu mwaka 1948, huwafaa wengi wenye misuli dhaifu, lakini mimi niliyafanya kila asubuhi kwa bidii na maumivu yalizidi. Msuli uliokaza muda wote huchoka, na ndiyo maana mtu anaweza kuwa na sakafu ngumu na bado akavuja mkojo.

Tiba yenyewe ilikuwa ya kuilegeza kwanza. Nilikalia taulo lililokunjwa, nikavuta pumzi hadi mbavu zikatanuka, na kufikia wiki ya tatu nilianza kuhisi sakafu ikishuka taratibu juu ya taulo na kupanda ninapotoa pumzi. Mazoezi ya kuimarisha matako na tumbo yalifuata baadaye. Baada ya kikao cha sita nilirudi kwenye mswala na kusujudu bila kushika ukuta.

Kasoro zipo. Chumba kilitenganishwa na mapokezi kwa pazia tu, jambo lisilostahili kwa maongezi ya namna hii, na karatasi ya mazoezi ya nyumbani ilikuwa ya Kiingereza pekee, hata mama niliyemkuta pale aliomba nimsomee. Bima yangu haikulipia chochote. Tena wataalamu wa fani hii ni wachache, ilhali wanaume nao wana misuli hii na wanaihitaji tiba hii, hususan baada ya upasuaji wa tezi dume.

Ningemshauri mwenye maumivu ya nyonga, kiuno au kifandugu ambaye picha zake hazina kasoro, au ambaye amefanyiwa tiba ya mgongo bila nafuu, aombe kuchunguzwa sakafu ya nyonga. Kiungo kilicholika au mfupa uliovunjika haviponywi kwa mazoezi haya. Na mwenye maumivu ya mgongo akipata ganzi ghafla kwenye sehemu za siri, au akishindwa kabisa kukojoa, asisubiri miadi ya fiziotherapia. Aende hospitali saa ile ile.