Michezo ya mezani ya kushirikiana kwa watoto wanaopenda kushinda: upi ununue kwanza

Mtoto aliyekulia kwenye drafti, Ludo na karata anajua jambo moja kabla hajavuta kiti: mshindi ni mmoja. Ukimletea mchezo ambao meza nzima inashinda au inashindwa kwa pamoja, ushindani wake hauishi siku hiyo. Unatafuta pa kutokea. Atawachezea wenzake zamu zao, au atahesabu nani kafanya makubwa zaidi, au atasusa mara tu dalili za kushindwa zikionekana.

Kwa hiyo ukiwa dukani, kabla ya kusoma sifa zilizoandikwa kwenye sanduku, jiulize: sheria za mchezo huu zinamzuiaje mtoto mmoja kuwaamulia wengine? Karata zikiwa zimefichwa mkononi, au kazi ikiwa imegawanywa hivi kwamba hakuna awezaye kuifanya peke yake, sheria zenyewe zinamtuliza na mzazi hana haja ya kupaza sauti. Kila kitu kikiwa wazi mezani, mwenye maneno mengi ndiye atakayecheza na wengine watakuwa watazamaji. Hicho ndicho kigezo chetu cha kwanza katika orodha hii. Baada yake tumeangalia kama ugumu unaweza kupandishwa kidogo kidogo, na ni Kiingereza kiasi gani mtoto anatakiwa kusoma ili acheze bila msaada.

1. The Crew: The Quest for Planet Nine (wachezaji 3 hadi 5; sanduku linasema miaka 10)

Ukinunua mmoja tu, nunua huu. Mtunzi wake ni Thomas Sing, ulitoka mwaka 2019 na mwaka uliofuata ukapata tuzo ya Kijerumani ya Kennerspiel des Jahres. Sanduku ni dogo, bei yake Marekani ulipotoka ilikuwa karibu dola 15, na mtoto wa miaka minane anayejua maana ya turufu anaumudu vizuri.

Ndani kuna karata 36 za rangi nne, kila rangi 1 hadi 9, na roketi nne ambazo ndizo turufu. Lazima ufuate rangi iliyotangulia; ukiwa huna, unatupa yoyote au unapiga turufu. Hadi hapo ni karata za barazani. Tofauti ni kazi: kuna karata ndogo 36 za kazi, na anayechukua kazi ya 7 ya kijani lazima aile hiyo 7 yeye mwenyewe. Mwingine akiila, kikosi kizima kimeshindwa. Mwenye roketi namba 4 ndiye kamanda. Yeye huchagua kazi kwanza na ndiye anayeanzisha mchezo.

Hakuna kuzungumzia karata zako. Mara moja tu katika kila safari, yaani kila mnapogawa karata na kuchukua kazi upya, kabla ya mzunguko kuanza, unaweza kuweka karata yako moja ya rangi wazi mbele yako na kuonyesha kwa kidoto kama ni kubwa kuliko zote ulizonazo za rangi hiyo, ndogo kuliko zote, au ya pekee. Roketi haionyeshwi kamwe. Sheria hiyo moja inamfunga mdomo mtoto anayependa kuamuru, na haimwonei, kwa sababu inawafunga wote.

Kinachowavutia wenye ushindani ni kitabu chenye safari 50 zenye namba, zinazozidi kuwa ngumu kadiri mnavyosonga, na mahali pa kuandika mmejaribu mara ngapi. Hamu ya kushinda inapata pa kwenda. Na mtoto hodari wa karata anakutana na jambo jipya: kula kila mzunguko kunaweza kuizamisha safari. Inabidi ajifunze kumtupia mwenzake 9 yake makusudi. Safari ikiharibika, mnagawa upya baada ya dakika tano hivi, basi hata machozi hayana muda wa kukolea.

Matatizo ya kawaida ni mawili. La kwanza ni nyuso: mguno, macho kukodolewa, "mmh" yenye maana. Dawa ni kuanza safari upya bila kumkaripia mtu. La pili ni kukwama kwenye safari moja hadi watoto wakate tamaa. Sheria zina ishara ya dharura: kila mtu anampa jirani karata moja, wote upande mmoja, isipokuwa roketi, na gharama yake ni kuongezewa jaribio moja kwenye hesabu. Itumieni bila aibu.

Kuna toleo la pili, Mission Deep Sea la 2021, lenye safari 32. Wachezaji wazoefu wengi wanalipenda zaidi, lakini kazi zake zimeandikwa kwa maneno. Kwa mtoto ambaye Kiingereza bado kinampa taabu, toleo la kwanza ndilo sahihi, maana karata zake ni rangi na namba tu.

Unaweza kuujaribu kabla hujatoa hata shilingi ya kununua. Chukua pakiti ya karata za kawaida, utoe A hadi 9 za kopa, uru, shupaza na pau: hizo ni 36, na A ni moja. Chukua K nne, uziandike 1, 2, 3 na 4 kwa wino. Hizo ndizo turufu, na ni rangi yake peke yake. Karata za 10, J na Q ziweke kando. Kutoka pakiti ya pili toa tena A hadi 9. Hizo ni za kazi. Wachezaji wanne watapata karata kumi kila mmoja. Anzeni na kazi moja, kisha mbili, kisha tatu. Watoto wakidai kuendelea baada ya safari ya tano, sanduku la kununua litatumika.

2. Forbidden Island (wachezaji 2 hadi 4, miaka 8 hadi 12)

Huu wa Matt Leacock, wa mwaka 2010, ndio mchezo mzuri zaidi wa ubao kwa familia inayoanza. Umekuwa wa pili kwa sababu karata za kila mtu zinaonekana, na hapo ndipo kaka mkubwa anapoanza kumwelekeza mdogo wake aende wapi.

Kisiwa ni vigae 24 ambavyo vinazama kimoja kimoja. Kikosi kinatafuta hazina nne, kila moja kwa kutoa karata nne zinazofanana, halafu wote warudi kwenye kituo cha helikopta na kuondoka kwa karata ya helikopta. Katika rundo lenye karata 28, kila hazina ina karata tano tu. Mkononi mwisho ni karata tano. Kila zamu ina hatua tatu, kuokota karata mbili, kisha kufunua karata za mafuriko kulingana na kiwango cha maji.

Kosa linaloharibu mchezo huu majumbani liko kwenye karata ya maji kupanda. Ikitokea, karata za mafuriko zilizokwisha kutumika zinachanganywa na kurudishwa JUU ya rundo. Wengi huzirudisha chini, au huchanganya rundo zima. Matokeo yake kisiwa kinazama ovyo ovyo na mtoto anaona ni bahati tu. Zikirudi juu, vigae vile vile vinaendelea kutishiwa, na watoto wanaweza kupanga nani akaviokoe.

Kuna majukumu sita: rubani, mhandisi, mpiga mbizi, mjumbe, mvumbuzi na mwongozaji. Kwa mtoto anayetaka kuonekana, mpe mhandisi, anayekausha vigae viwili kwa hatua moja. Asipewe mwongozaji, ambaye kazi yake ni kuwasogeza wenzake; hiyo ni kumkabidhi rungu. Wekeni pia sheria moja ya nyumbani: ushauri unatolewa, lakini mwenye zamu ndiye anayegusa kete yake, na akishaigusa mjadala umefungwa. Anzeni kiwango cha chini kabisa cha maji, mpande ngazi moja kila mkishinda. Usiwaache washinde kwa kuficha karata. Mtoto wa aina hii hugundua, na akigundua hatauamini ushindi mwingine wowote.

3. Outfoxed! (wachezaji 2 hadi 4, miaka 5 hadi 8)

Mbweha mmoja kati ya 16 ameiba chakula. Kabla ya kurusha dadu tatu, mchezaji anatangaza kama anatafuta alama za ushahidi au anafunua washukiwa. Ana mirusho mitatu kuzipata zote sawa. Akishindwa, mbweha anasogea hatua tatu kuelekea shimoni. Ushahidi unaingizwa kwenye kifaa chenye vidirisha, na kidoto cha kijani kikionekana, mwizi anacho kitu hicho: kofia, miwani, mwavuli na kadhalika.

Ubora wake ni kwamba adui anaonekana anakimbia, kwa hiyo hasira ya mtoto ina wa kumwelekea asiye ndugu yake. Kadi ya mwizi iingizwe na mtu mzima, maana mtoto wa miaka sita mwenye hamu atachungulia. Na dadu zikianza kulaumiwa ("wewe ndiye umetukosesha!"), wakumbushe kwamba meza nzima iliamua pamoja lipi litafutwe kwanza. Amueni pamoja kweli, kila zamu.

4. Hoot Owl Hoot! (miaka 4 hadi 6)

Mnarudisha bundi kwenye kiota kabla jua halijachomoza. Unamfaa sana mtoto wa Ludo kwa sababu moja: hakuna bundi wa mtu. Kila mmoja ana karata tatu zilizo wazi, anacheza rangi moja na kumsogeza bundi yeyote hadi nafasi inayofuata ya rangi hiyo. Mwenye karata ya jua hana hiari, lazima aicheze. Anzeni na bundi watatu, mfike sita. Hakuna kusoma. Chini ya miaka minne, tazama First Orchard ya Haba, yenye matunda ya mbao na kunguru. Ni ya bahati karibu yote, na mtoto wa miaka sita ataichoka mapema.

5. Hanabi na Magic Maze

Hanabi, mshindi wa tuzo ya Kijerumani ya Spiel des Jahres 2013, ni karata 50 ambazo unazishika zikiwageukia wenzako, wewe huzioni. Unategemea vidokezo vyao, na vidokezo ni vinane tu mpaka mtu atupe karata kurudisha kimoja. Makosa matatu, mchezo umekwisha. Alama za juu kabisa ni 25, na namba hiyo inawasumbua vizuri watoto wanaopenda rekodi. Haifai chini ya miaka 9 kwa sababu kumbukumbu inachosha.

Magic Maze ni wa mtoto asiyetulia. Saa ya mchanga ya dakika tatu, hakuna kusema, na kila mchezaji ana ruhusa ya aina fulani tu za mwendo. Mmoja anaweza kwenda kaskazini, mwingine hawezi. Huwezi kumchezea mwenzako hata ukitaka. Kelele za kugongeana kete mbele ya anayezubaa ni nyingi, basi usiuanzishe usiku.

Michezo ya kuigiza wahusika

Hapa mmoja anasimulia kisa, na kila mtoto anaamua mhusika wake anafanya nini. Ununuzi ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa miaka 4 hadi 10, Hero Kids inauzwa kama faili ya kuchapisha na inatumia dadu za kawaida za pande sita. Peleka steshenari, chapisha wahusika kwenye karatasi ngumu. Kuanzia miaka 10 hivi, sheria za msingi za Dungeons & Dragons zinapatikana bure kisheria; tangu Januari 2023 waraka wake wa sheria uko chini ya leseni huria. Kinachobaki kununua ni seti moja ya dadu saba. Ukitaka kila kitu tayari, sanduku la Dragons of Stormwreck Isle (2022) lina wahusika watano walioandaliwa na kisa kizima.

Msimulizi asimulie kwa Kiswahili. Sifa sita za mhusika zinaandikika upya kwa kalamu: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara, Mvuto.

Ushindani hapa hujitokeza katika kugombea nani kaua jini. Usihesabu aliyeua, kikosi chote kipande ngazi pamoja kisa kikifika mahali muhimu. Dhahabu iingie kasha moja. Kisha sisitiza sheria ya kumsaidia mwenzako: ukitumia zamu yako kumsaidia, yeye anarusha dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua iliyo kubwa. Siku mtoto mshindani anapoona msaada wake ndio uliogeuza 4 kuwa 18, hahitaji kuhubiriwa. Na ukiuliza "wewe unafanya nini?", anza na aliye kimya. Watoto wanne, dakika 60 hadi 90, inatosha.

Ya kusubiri

Pandemic, wa kuzuia magonjwa yasienee duniani, ni mchezo bora, lakini usiwe wa kwanza. Una mengi ya kukokotoa, na taarifa zote ziko mezani. Mtoto mmoja hodari ataendesha meza nzima. Castle Panic nao una cheo cha muuaji mkuu kwa anayekusanya majini mengi. Mtoto akikijua, hatakubali kubadilishana karata na mwenzake, na ngome itaanguka kwa sababu hiyo. Kitabu kinaruhusu kukiondoa. Kiondoe kabla hujasoma sheria kwa sauti.

Kabla hujalipa

Ukiagiza nje, uliza nauli na gharama za forodha mapema. The Crew na Hanabi hubebeka hata kwenye begi la ndugu anayekuja likizo, Pandemic hauingii kirahisi. Mwambao, unyevu hukunja karata: pima upana na urefu wake kwa milimita, ununue vifuko vya plastiki vya saizi hiyo hiyo. Kama sanduku limeshatumika, hesabu. Forbidden Island iwe na vigae 24, karata za mafuriko 24, karata za hazina 28 na sanamu nne za hazina. Karata moja ya mafuriko ikikosekana, kigae chake hakitazama kamwe, na watoto wataligundua hilo kabla yako.