Kisu cha Sakai au cha Solingen?

Kisu cha Sakai, Japani, hupita mikono mitatu: mhunzi hufua, mnoaji hutia makali, wa tatu hutia mpini. Kila mmoja ni bingwa wa hatua yake tu, na ukikata juu ya ubao utalijua hilo. Chuma chake ni kigumu, mara nyingi 60 hadi 63 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell, hivyo chenye makali pande mbili hunolewa hadi nyuzi 15 kila upande. Nyanya mbivu hukatika bila kupondeka.

Ila ugumu huo una bei. Mfupa, kifuu cha nazi au nyama iliyoganda humegua makali badala ya kuyapinda. Cha chuma cha kaboni hushika kutu usipokikausha mara tu baada ya kukata ndimu. Kinoe kwa jiwe la kunolea linaloloweshwa maji, lenye chembe za namba 1000.

Solingen, Ujerumani, jina lenyewe linalindwa kisheria. Visu vyake vingi ni laini zaidi, 56 hadi 58 kwa kipimo hicho hicho; makali yakilala, unayanyoosha kwa fimbo ya chuma ya kunolea. Jiko lenye wapishi wengi na kisu kimoja, nunua hiki. Mifupa waachie panga.