Sabufa ya chini ya siti kwa redio iliyokuja na gari: nianze na iliyoniulia betri

Niliacha gari langu, Toyota IST, chini ya mwembe hapa Ipuli, Tabora, nikapanda treni kwenda msibani Kigoma, siku tatu tu. Narudi, nabonyeza rimoti kimya, naweka ufunguo hata taa za dashibodi haziwaki. Betri haina hata mwaka! Fundi umeme akaweka mita gari likiwa limezimwa, ikasoma nusu ampea, ni ile sabufa niliyofungiwa wiki hiyo hiyo. Sasa piga hesabu, nusu ampea kwa masaa 72 ni ampea-saa 36, na betri yangu ujazo wake ni 35.

Shida iko hivi. Redio nyingi zinazokuja na gari toka Japani hazina matundu ya RCA (ya kutolea sauti kwenda kwenye amplifaya) wala ule waya wa rimoti wa kuiambia amplifaya washa au zima, sasa aliyenifungia alipokosa pa kuuchomeka akauunga moja kwa moja kwenye nyekundu ya betri, afu akanipigia mziki nikafurahi kama mjinga.

Kwa hiyo mi wati na inchi siulizi tena. Nauliza ina plagi ya kuchukua sauti kwenye waya za spika za nyuma? Na inajiwasha yenyewe ikisikia sauti, redio ikizimwa inazima? Muuzaji akijibu "fundi atajua", toka dukani.

Namba moja ni Pioneer TS-WX130DA na sitaki ubishi. Inajiwasha yenyewe, unene sm 7 (pima chini ya siti yako kwanza), na ina kinobu cha bezi unakifunga karibu na mkono. Boksi limeandika 160W ila za kweli ni 50, na kwa kagari kadogo hizo 50 zinatosha kabisa, nyimbo za taarabu unasikia besi gita inavyotembea.

Ya pili Kenwood KSC-SW11, wati 75 za kweli, nayo inajiwasha. Shemeji anayo kwenye Noah, nzuri, ila kwangu Pioneer bado.

Ya tatu JBL BassPro SL, inchi 8, wati 125. Inapiga kuliko zote hapa, ila ni kubwa na bei yake mmh.

Zile za bei chee zilizoandikwa 1000W angalia fyuzi yake, ukikuta ampea 15, mara volti 12 ni wati 180, hizo zingine zinatoka wapi? Ukilazimika kufunga isiyojiwasha, waya wa rimoti uchukuliwe kwenye ACC (waya unaopata umeme ukizungusha ufunguo tu) na fyuzi ikae karibu na betri, basi.

Na bei za hapa mjini jamani. Kitu kinatoka Kariakoo kwenye buti la basi, kikifika Tabora kimepanda elfu themanini, ukiuliza unaambiwa usafiri. Nilimrudishia yule muuzaji sabufa yake, akaiangalia, akaniambia dada betri yako ilikuwa imechoka.