Nyumba ya Goba yenye uwanja mkubwa: uwanja si wako

Mnaoiulizia ile nyumba ya kupanga ya Goba, Dar es Salaam, vyumba na bei dalali atawaambia mwenyewe, tena kwa mbwembwe. Mimi na nyumba hiyo ya Goba tuna neno moja tu: miembe.

Tulitoka chumba na sebule Sinza, ambako ukikaanga dagaa mtaa mzima unajua unakula nini. Dalali akafungua geti, akanyoosha mkono: "Bosi, uwanja ndio huu, watoto wacheze mpaka wachoke." Miembe minne, mitatu ya dodo na mmoja wa sindano. Hata maji sikuuliza. Nikalipa miezi sita, na mwezi wa dalali juu.

Jumamosi moja, msimu umekolea, nikaamshwa na kishindo juu ya bati. Natoka na kanga ya mke wangu kiunoni, nakuta vijana wawili mtini, viroba vimejaa chini, na mama mwenye nyumba amekaa kwenye kiti changu anamenya embe. Nikamwamkia, adabu ni adabu. "Marahaba," mdomo umejaa. Nikauliza kwa upole, jamani hata wanangu hawabakiziwi? Akafuta kisu taratibu. "Baba, mkataba si unao? Umeandikwa nyumba. Miembe umeiona wapi?"

Mbele ya watoto wangu! Pikapu ikaja, viroba vikapakiwa, wakaondoka na geti wakaliacha wazi. Nikaachiwa zilizotafunwa na popo, nifagie. Maana kufagia majani ni kazi yangu, hiyo haihitaji mkataba.

Tangu siku hiyo kila kitu kinanikera. Maji ya kisima yana chumvi, chai yake hainyweki, ya kunywa tunanunua kwa madumu. Mvua ikinyesha bodaboda anakushusha chini ya kilima, "Kaka, hapo malizia kwa mguu," na nauli anachukua yote. Zahanati ukiulizia unaambiwa "hapo tu", na hapo tu ya Goba ina vilima viwili. Stendi ya Magufuli, kule Mbezi, dalali alisema dakika kumi. Labda saa nane usiku.

Lakini nisiwakosee majirani. Mchicha wa gengeni ni wa asubuhi hiyo hiyo, na Mangi mwenye duka anakopesha mpaka mwisho wa mwezi bila kununa. Upepo wa jioni nao, acha tu. Sinza nililala na feni inalia usiku kucha. Mwanangu wa mwisho amejifunzia baiskeli humo humo uwanjani. Kuna jioni nakaa kwenye kile kiti nasema hapa sihami ng'o. Halafu nakumbuka alivyofuta kile kisu.

Kwa hiyo msipange. Au pangeni, ila kabla hujatoa hela hakikisha miti imeandikwa, mmoja mmoja, na kiti pia. Maana juzijuzi amekuja fundi na futi kamba, anapima pale mbele ninapoegesha gari. Namuuliza, ananijibu: fremu tatu za maduka. Mimi mwenye mkataba sijaambiwa kitu.

Kodi inakaribia kuisha. Mke wangu ameshaanza kuulizia nyumba Madale. Nimemwambia tusubiri kidogo, miembe imeanza kutoa maua.