Uzoefu wangu: kampuni iliyonijengea nyumba Kapchorwa, baada ya msimu mzima wa mvua

Nyumba yangu ya Kapchorwa imeshapitiwa na msimu mzima wa mvua, kuanzia zile za Aprili mpaka za Novemba, na sasa ndipo naona nina haki ya kuandika kuhusu watu walioijenga. Nilisubiri kwa makusudi. Nyumba ya huku ukiisifia mwezi wa Januari hujasema kitu, kwa sababu Januari kila paa ni zima na kila ukuta ni mkavu.

Kwa msiojua mji wetu: uko mashariki mwa Uganda, kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Elgon, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ukipanda kutoka Mbale kupitia Sipi. Ni mji wa wakimbiaji. Joshua Cheptegei, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kule Valencia mwaka 2020 na kuchukua dhahabu ya mbio hizo Paris mwaka 2024, ni mtoto wa hapa. Asubuhi barabara inajaa vijana wanaokimbia, wageni wanashuka kwenda kuona maporomoko ya Sipi, na wenye miguu zaidi wanapanda kuelekea Wagagai, kilele cha mita 4,321. Halafu mchana mawingu yanashuka na mvua inanyesha kwelikweli. Atakayejenga hapa lazima afikirie watu wanaorudi nyumbani wamelowa na viatu vimejaa tope, na afikirie pia maji yanayoshuka kutoka juu yake.

Mimi nanunua kahawa kwa wakulima, na nilikulia kambini, mtoto wa askari, ndiyo maana Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwangu. Nilitaka nyumba ya ramani yangu, nisipewe ile ya vyumba vitatu na sebule ambayo kila fundi anaibeba kichwani. Nikaajiri kampuni ndogo kutoka Mbale: msanifu, injinia, na kikosi cha mafundi Wagisu, Wasabiny na wengine wa Kitale, upande wa Kenya. Jina lao silitaji. Nina malalamiko nao ambayo tunayamaliza wenyewe, na kuna mengi ya kuwasifu pia.

Nianze na lililonishangaza. Msanifu alikataa kuja kuangalia kiwanja siku ya jua. Nilipompigia akaniambia, "Mama, nipigie mvua ikianza." Nikafanya hivyo, na kweli akaja, amevaa gambuti na koti la mvua, akasimama kwenye mpaka wa chini wa shamba akitazama tu. Hakufungua ramani. Baada ya muda akaanza kuchomeka vijiti kila alipoona maji yanapita: hapa yanaingia kutoka kwenye migomba ya jirani, hapa yanajikusanya, hapa yanapinda na kushuka. Mzee jirani akatoka na mwavuli wake kuuliza tunapanda nini kwenye mvua. Nilipomweleza akanyoosha fimbo. "Mwanangu, hapo palikuwa na kijito. Baba yangu alikijaza ili alime." Vijiti vilikuwa vimepita palepale.

Mahali hapo ndipo nilipotaka chumba changu cha kulala, ukingoni kabisa, ili nikiamka nione tambarare za Karamoja zinavyotandaa kule chini. Msanifu akasogeza nyumba nzima nyuma, kwenye bega la kilima lililo imara, mbali na ukingo na mbali na kile kijito. Nilisikitika, sifichi. Lakini hakunibembeleza kwa maneno matamu. Alinieleza jinsi ardhi ya Elgon inavyokwenda, na mambo hayo watu wa huku tunayajua kwa misiba. Tarehe 1 Machi 2010 kilima kilifunika Nametsi kule Bududa na mamia ya watu wakapotea. Oktoba 2018 Bududa tena. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli, wilaya tunayoipita tukishuka kwenda Mbale. Udongo wetu ni mzito na wenye kina, una mfinyanzi mwingi, na ukishiba maji kwenye mteremko mkali unateleza. Anayekata mguu wa kilima ili apate kiwanja bapa anauondolea ule udongo wa juu kitu kilichokuwa kinaushikilia.

Kwa hiyo hawakukata shimo kubwa la kuipa nyumba uwanja mmoja. Nyumba imeshuka na mteremko kwa ngazi: jiko na sebule juu, vyumba chini kidogo, katikati vidato vichache. Nyuma, pale ilipobidi kukata, walijenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, na huu ukuta ndio kazi bora waliyonifanyia. Nyuma yake walijaza kokoto, chini ya kokoto wakalaza bomba lenye matundu, na kwenye ukuta wenyewe wakaacha vitundu vya kutolea maji. Kila mvua ikinyesha naviona vinatiririka. Maji yakizibwa nyuma ya ukuta ndiyo yanausukuma mpaka unaanguka, na nimeona kuta nene kuliko wangu zimelala chini hapa hapa mjini kwa sababu hazikuachiwa hata kitundu kimoja. Juu ya ukuta walipanda nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake inazama chini sana na kuushika udongo.

Msingi ulikula karibu theluthi ya fedha zangu. Ndugu zangu walinilaumu kwamba nazika pesa ardhini. Injinia alitaka nondo za milimita 12, zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), na kila ndoo ya kokoto ilipimwa kwa boksi, hakuna kukisia kwa sepetu. Tulianza Desemba, wakati wa kiangazi, jambo ambalo wajenzi wengi wa huku wanalijua lakini wateja hawalijali. Zege likimwagwa walilimwagilia maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, maana zege linakomaa kwa unyevu na linahitaji siku 28 kufikia nguvu iliyokusudiwa. Saruji ilitoka Tororo, ikawekwa juu ya mbao ndani ya stoo, isiguse sakafu wala ukuta.

Juu ya msingi waliweka karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu, kabla ya tofali la kwanza. Naitaja kwa sababu ni kitu cha bei ndogo sana ambacho mafundi wengi wanakiruka mwenye nyumba akigeuka. Nyumba niliyokuwa nimepanga zamani ilikuwa na ukungu mpaka usawa wa kiuno. Hapa, baada ya mvua zote hizo, rangi ya chini ya ukuta iko kama ilivyopakwa.

Paa nalo nawapa alama zote. Waliliinamisha vizuri na kulitokeza nje karibu mita moja kila upande, hivyo mvua ya upepo haifiki ukutani wala madirishani. Mabati ni geji 28. Dukani watu wananunua geji 30 kwa kuwa ni rahisi, wengine wakidhani namba kubwa ndiyo bati nene, kumbe ni kinyume. Chini ya bati kuna dari ya mbao iliyojazwa kitu cha kupunguza sauti, na mvua ikipiga bado tunasikilizana mezani.

Maji ya paa ndiyo hesabu iliyonipendeza kuliko zote. Injinia aliniandikia kwenye kipande cha mfuko wa saruji: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 150 likipata mvua ya milimita 20 jioni moja, hizo ni lita 3,000. Ukiziacha zimwagike kuzunguka nyumba, unaulowesha msingi ule ule uliouzika kwa pesa nyingi. Kwa hiyo gata ni pana, zinaingia kwenye tangi la lita 10,000, na tangi likijaa, maji ya ziada yanapita kwenye bomba mpaka kule kwenye kijito cha zamani cha mzee jirani, ambacho walikifukua na kukipanga mawe. Maji yamerudishiwa njia yake. Mifereji ya saruji imeizunguka nyumba yote, na shimo la maji ya choo liko chini kabisa ya kiwanja, mbali na ukuta wa mawe.

Kuhusu tope: nilieleza kwamba nitapangisha vyumba kwa wakimbiaji na wapanda mlima, wakanichorea baraza la pembeni lenye bomba la kuoshea viatu, benchi la saruji, na misumari mikubwa ya kutundika makoti. Kando yake kuna chumba kidogo kinachopakana na bomba la moshi la jiko. Joto la jiko linapita ukutani, na nguo zilizotundikwa jioni zinakauka asubuhi hata kama nje kumenyesha usiku kucha. Wageni wanakipenda chumba hicho kuliko sebule. Kijana mmoja anayefanya mazoezi huku aliniambia, "Mama, kwingine kote nilikuwa navaa viatu vibichi."

Sasa malalamiko. Mpaka paa linasimama, injinia alikuwa anaonekana kila mara. Paa lilipokwisha akahamia kazi nyingine, na mimi nikaachiwa nyapara na simu isiyopokelewa. Mafundi wakaanza kubadilishwa. Anayepiga plasta leo si yule wa jana, na kila mmoja anakuja na mazoea yake. Sakafu ya chumba kimoja ilibidi ivunjwe na kusawazishwa upya kwa gharama yao, baada ya mabishano ambayo yasingekuwepo kama mwenye kazi angekuwa kazini.

Baya zaidi ni milango. Walileta mbao za mkaratusi ambazo hazijakauka. Mimi nimekaa na kahawa miaka mingi, najua kitu kilichofungiwa kikiwa kibichi kinavyoharibika, na nilimwambia nyapara mbele ya watu kwamba mbao hizi bado zina maji. Akaniapia kwamba zimeshakauka. Mvua za Aprili zilipoanza, milango ikavimba, mingine ikagoma kufunga, mmoja ukapinda mpaka komeo likatoka. Fremu za madirisha ya upande wa mlima zikafanya vivyo hivyo. Kampuni iliyojua kila njia ya tone la maji juu ya ardhi ikanitundikia milango ya namna hiyo! Nilikasirika, na bado sijapoa kabisa.

Kilichoniokoa ni mkataba. Wakili wangu alisisitiza nibakize asilimia 10 ya malipo, na nisiitoe mpaka msimu mmoja wa mvua uishe. Wao walitaka miezi mitatu tu tangu makabidhiano, yaani kiangazi kitupu. Tulivutana, wakakubali. Kwa sababu ya pesa hiyo wamebadilisha milango mingi kwa mbao zilizokaushwa vizuri, na iliyobaki tunaendelea kuidai. Unayejenga mlimani, angalia tarehe hiyo kwenye mkataba wako kabla hujasaini chochote. Isiishie kabla ya mvua.

Upande wa makaratasi walikuwa safi. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 inataka kibali cha kamati ya majengo kabla ya kuanza na kibali kingine kabla ya kuhamia, na michoro iwe na mihuri ya msanifu na injinia waliosajiliwa. Vyote walivishughulikia, na mkaguzi aliuona msingi kabla haujafukiwa. Ardhi nilinunua mwenyewe, mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na majirani wa pande zote, mke wa muuzaji akiwa amekubali kwa maandishi. Wanaotafuta viwanja huko juu zaidi wajue pia mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1993, unapita wapi, kwani watu wamenunua mashamba yenye migogoro ya miaka mingi.

Gharama za usafiri zinauma. Mchanga na kokoto vinapandishwa kwa lori, na mvua ikinyesha lori linasimama barabarani, ile njia ya udongo ya kutoka lami mpaka kwako ikawa haipitiki. Vifaa vyote vizito viwe vimefika kabla ya Machi kuisha.

Kama ningewaita tena? Kwa kusoma kiwanja, msingi, kuta za mawe, mifereji na paa, ndiyo, na ningewalipa bila kubishana bei. Kwa milango, madirisha na umaliziaji, hapana. Mwakani nataka kujenga vyumba viwili zaidi vya wageni upande wa juu wa baraza. Nimeshawaambia wao watajenga mpaka paa lisimame, na injinia mwenyewe aandikwe kwenye mkataba kwamba atakuwepo. Mbao nimeshazinunua, ziko ghalani kwangu juu ya nguzo, zimepangwa kwa nafasi ili zipitishe hewa, na kazi ya milango nimempa seremala wa Sipi.