Kulaza punda Dodoma: boma la miiba au banda la kufunga?

Nalaza punda wa wachota maji, na njia zote mbili nimezitumia. Boma la miiba halina gharama: unakata migunga, unazungushia. Punda wanatembea, kwato zinalika zenyewe, hewa ni safi. Lakini miiba ikikauka fisi anapenya. Kuna alfajiri nilikuta mwanapunda ameraruliwa paja. Kumweleza mwenye mali kulinitoa machozi.

Banda la matofali linazuia fisi na wezi. Gharama yake ni jasho: kuzoa samadi kila asubuhi, kubeba maji, kuleta malisho. Mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, hivyo kiangazi kikikolea yanabaki mabua ya mtama, na asiyeweka akiba mapema atauziwa ghali. Sakafu ikishinda na mkojo, kwato zinaoza.

Kwa punda, mimi nawaacha bomani mchana na kuwafungia bandani usiku. Farasi ni habari nyingine: masika, kabla jua halijazama, awe ndani ya banda lenye wavu mwembamba. Visubi wa usiku hueneza ugonjwa ambao punda wengi huustahimili, lakini farasi humuua ndani ya siku chache.