Nusu saa ya kugonga vifuniko

Mwanangu ana miaka 4, ana usonji. Kliniki ya kwanza walimshika mkono kwa nguvu ili apunge. Ikawa kilio tangu getini. Hii ya sasa, huku Mbezi, dada wa mazoezi alikaa naye mkekani na vitu viwili viwili: sufuria mbili, vifuniko viwili, vigari viwili. Mtoto akigonga, naye anagonga. Akizungusha tairi, naye anazungusha. Nikajisemea, shilingi 30,000 zangu ndiyo hizi? Wiki ya tatu dada akajiwekea kifuniko kichwani. Mtoto akatazama, si usoni, mkononi tu, kisha akajiwekea chake! Feni yao mbovu, nendeni na maji. Sisi tunarudi Jumanne.